Gitaa Kongwe Lisilo na Jina: Namna ya Kulitambua na Kulinunua Mombasa

Linaning'inia kwenye msumari, baina ya pasi ya makaa na televisheni yenye kisogo. Nyuzi zimebaki tatu, na mojawapo ni waya wa breki ya baiskeli. Karatasi iliyokuwa ndani ya tundu imeliwa na mende. Umbo lake hulijui: kiuno chembamba mno, kichwa kirefu, na daraja, kile kijibao cha tumboni kinachoshika nyuzi, limekaa kama masharubu. Muuzaji amekuona ulivyolikodolea macho na keshajua umeingia. Ukiuliza ni gitaa gani atakwambia "original", ukiuliza la mwaka gani atakwambia "la mkoloni".

Nimenunua magitaa ya namna hii kwa miaka kadhaa sasa. Mawili yalikuwa mazuri hasa, matatu ya kawaida, na moja nililipia karo ya ujinga wangu. Kutokana na hayo nina utaratibu mmoja ninaoushika hata kama gitaa linanitoa udenda: shingo kwanza, gundi ya pili, mbao ya tatu, jina mwisho. Watu wengi huenda kinyume. Wanaona jina kubwa kichwani, moyo unaruka, na wanasahau kwamba hewa yetu ya chumvi na jua haiulizi gitaa lilizaliwa Chicago au Göteborg.

Yanakotoka

Inafaa kujua kwa nini Mombasa ina magitaa mengi ya ajabu. Kwanza ni bandari, na baharia akiishiwa huuza alichonacho. Kisha kuna askari waliorudi kutoka Vita vya Pili vya Dunia wakiwa wameonja muziki wa ng'ambo. Fundi Konde, mwana wa pwani, alikuwa askari katika vita hivyo kabla hajawa jina kubwa la gitaa Kenya. Wagoa, watu wenye asili ya Goa huko India, nao walikuwa na bendi za harusi, za kanisa na za hoteli, na wengi wao walihama katika miaka ya 1960 na 1970 wakiacha vitu kwa majirani na watumishi. Halafu wakaja Wajerumani na Waitalia kuishi Diani, Mtwapa na Malindi. Usistaajabu basi kukuta Framus au Höfner ya Ujerumani imelala juu ya kabati Ukunda, au Eko ya Italia huko Malindi. Na siku hizi kuna makontena ya ex-UK, yaani vitu vilivyokwisha tumika Uingereza: gitaa hufika limejibanza nyuma ya sofa, na mwenye duka hana habari nalo.

Kwa hiyo tafuta kwa wauza samani za ex-UK, kwenye vibanda vya vikorokoro vya Mwembe Tayari na Majengo, minadani, na kwenye matangazo ya wanaohama nyumba. Njia bora zaidi kwangu imekuwa kuwauliza wazee wa kwaya na wapiga bendi waliostaafu. Wao wanajua nani ana nini chini ya kitanda.

Vitu vya kubeba

Havizidi mfuko mmoja. Tochi ndogo. Kioo kidogo, kile cha kujipodolea kinatosha. Rula ya chuma ya sentimita 60 na futi ya fundi cherehani. Simu yenye programu ya kupimia sauti. Kipande cha karatasi nyembamba. Na kadi za benki, ukiwa na nne au tano, hata zilizokwisha muda. Kila kadi ina unene wa milimita 0.76, kwa hiyo tatu zikipangwa ni kama milimita 2.3. Utaona faida yake punde hivi.

Seti ya nyuzi mpya pia, ukiweza. Muuzaji mwungwana hatakukataza kuweka uzi mmoja au miwili. Akikataa kabisa, hilo nalo ni jibu.

Hatua ya kwanza: mikono nyuma, masikio mbele

Usilikimbilie. Shika kitu kingine kwanza, uliza bei ya pasi. Ukifika kwenye gitaa, uliza habari zake kabla ya bei.

"Ami, hili lilikuwa la nani?"

"La shemeji yangu. Akipiga kanisani, pale Holy Ghost."

"Miaka gani hiyo?"

"Ah, zamani. Mimi nilikuwa sijaoa."

Hapo umepata kitu. Gitaa lililokuwa la mtu mmoja, likapigwa, likawekwa ndani, lina nafasi nzuri kuliko lililozunguka mikono kumi. Uliza pia lilikuwa likihifadhiwa wapi. Juu ya kabati chini ya mabati ni joto. Stoo ya chini ni unyevu na mchwa. Ukutani sebuleni ni afadhali. Usiamini yote, hadithi ya "la mkoloni" nimeisikia juu ya gitaa la Kichina ambalo halikuwa na miaka mitano.

Hatua ya pili: shingo

Hapa kaa sana, maana hapa ndipo pesa zinapookolewa.

Inua gitaa kama bunduki, jicho lako kichwani mwa gitaa, utazame shingo ikienda kwenye daraja. Tazama ukingo wa upande mmoja, kisha wa pili. Mkunjo mdogo wa kuelekea nyuzi si neno. Ukiona pande mbili hazilingani, yaani shingo imejisokota kama kamba, lirudishe msumarini. Hakuna fundi wa mji huu atakayelinyoosha kwa bei ya maana.

Sasa laza rula juu ya freti, vile vijichuma vinavyoikatiza shingo, kutoka kichwani kuelekea darajani. Ncha ya rula inatakiwa igote kwenye ukingo wa juu wa mbao ya daraja, au ipite juu yake kidogo. Ikigonga chini, kwenye ubavu wa daraja, maana yake shingo imeinuka miaka nenda miaka rudi kwa kuvutwa na nyuzi. Huu ndio ugonjwa mkuu wa magitaa makuukuu, na hauonekani kwa macho ya haraka.

Thibitisha kwa kadi. Kama lina nyuzi zilizokazwa, hesabu freti mpaka ya 12, pale mara nyingi penye vidoa viwili, upenyeze kadi baina ya freti na uzi mnene. Kadi tatu zikiingia bila kuusukuma uzi, gitaa la nyuzi za chuma liko vizuri. Nne ni sawa kwa la nailoni, na kwa la chuma ni la kuvumilia. Zikiingia sita, vidole vyako vitalia, na unajua bei iko upande wako. Kumbuka na majira: mbao hunywa maji hewani, tumbo, yaani ubao wa mbele, likavimba na nyuzi zikapanda. Viwanda vingi hutengeneza magitaa kwenye hewa yenye unyevu wa asilimia 45 hadi 50, na hapa kwetu mara nyingi uko juu ya 70. Gitaa ulilolipima Mei, wakati wa masika, linaweza kukupa nafuu kidogo wakati wa kaskazi, Januari au Februari. Kidogo tu lakini. Kadi sita haziwi tatu kwa sababu ya upepo.

Halafu tazama kisigino, pale shingo inapoungana na mwili. Jaribu kupenyeza kipande cha karatasi. Ikiingia, kiungo kimeachia. Kabla hujakata tamaa, angalia shingo imefungwaje. Eko nyingi zina bamba la chuma mgongoni na skrubu nne, na Egmond za Uholanzi pia mara nyingi hufungwa kwa skrubu. Hizo ni rahisi: fungua, weka kipande chembamba cha mbao, funga tena, na pembe ya shingo imerudi. Zilizounganishwa kwa gundi na kiungo cha seremala kilichofichwa ndani zinahitaji mvuke na mkono wenye subira. Na ukiona bolti kubwa imepigwa katikati ya kisigino, kichwa chake kimezibwa kwa nta au putti, jua kuna mtu alishatibu ugonjwa kwa nyundo.

Kipimo cha mwisho cha shingo ni cha futi. Pima kutoka kijifupa cha kichwani mpaka freti ya 12, kisha kutoka freti ya 12 mpaka kijifupa cha darajani. Vipimo hivyo viwili vinapaswa kulingana, cha pili kikizidi kwa milimita mbili tatu tu. Vikipishana sana, daraja liliwahi kung'oka na likabandikwa mahali pasipo pake. Gitaa hilo halitaimba sawasawa hata ulipeleke kwa nani, mpaka daraja lihamishwe. Lakini kuna magitaa yenye tumbo lililobinuka kama la fidla, nyuzi zikifungwa mkiani, na daraja halikugundishwa, linasimama kwa kubanwa tu. Hayo daraja husukumwa kwa mkono. Weka alama ya penseli kabla hujaligusa.

Hatua ya tatu: daraja, tumbo na yaliyo ndani

Chukua karatasi yako uipitishe nyuma ya daraja, upande wa mkiani. Ikizama, gundi imeanza kuachia. Gundi ya magitaa mengi ya zamani ilichemshwa kutokana na ngozi na mifupa ya wanyama. Ni gundi nzuri sana, na uzuri wake mmojawapo ni kwamba fundi anaweza kuifungua kwa joto na maji. Balaa ni kwamba jua la Mombasa nalo linajua siri hiyo.

Nilijifunza hivi. Nilinunua gitaa dogo, jepesi kama pakacha tupu, na kwa kuwa nilikuwa na nyuzi za chuma nyumbani nikalitia hizo hizo. Mchana wa Jumapili nikaliacha kwenye buti ya gari, nikaenda kula mihogo ya kukaanga kando ya bahari, kule Mama Ngina. Nikiwa narudi garini nikasikia mlio kama mtu kapigwa kofi. Daraja lilikuwa limeng'oka na kuchukua ngozi ya tumbo. Makosa yalikuwa mawili na yote ni yangu: joto la buti, na nyuzi zisizo zake. Seti nyepesi ya nyuzi za chuma huvuta kwa nguvu ya takriban kilo 70, ni kama kumning'iniza mtu mzima kwenye kile kijibao. Za nailoni huvuta kama kilo 40.

Ningejuaje kwamba halikuumbiwa chuma? Kwa kuchungulia ndani. Washa tochi, ingiza kioo, au ingiza simu kwenye tundu ukirekodi video na kuigeuza polepole. Chini ya tumbo utaona vijiti vilivyogundishwa. Mimi huviita mataruma, kama ya jahazi, kwa sababu kazi yake ni ile ile. Mataruma yaliyotawanyika kama upepeo ni ya gitaa la nailoni, au la utumbo kama ni la kale zaidi, maana nyuzi za nailoni zilianza kupatikana mwishoni mwa miaka ya 1940. Mataruma mawili yaliyopishana kama mkasi ni ya kubeba chuma. Mataruma yaliyolala sambamba kama ngazi yamo kwenye magitaa mengi ya bei nafuu ya zamani, ya Marekani, Ulaya na Japani. Yanabeba chuma chepesi, na sauti yake ni kavu, ya haraka, ile inayofaa kupigwa kwa vidole viwili. Wapo wanaoidharau. Mimi naipenda kuliko ya mkasi, na ningelipa zaidi kuipata.

Ukiwa bado ndani, gonga tumbo kwa kidole, taratibu, ukizunguka. Taruma lililoachia hulia kama kombe lililopasuka. Kubandika taruma moja si kazi kubwa. Matatu ni kazi.

Nyufa usiziogope kupita kiasi. Ufa ulionyooka kufuata uzi wa mbao, usiotikisika, unazibika. Ufa unaokata uzi wa mbao, au unaopita chini ya daraja, ni habari nyingine. Vumbi laini kama unga, likitoka kwenye vitundu vidogo vya duara, ni dumuzi. Pangusa vumbi, ligonge gitaa juu ya karatasi nyeupe, usubiri. Unga mpya ukidondoka, wenyewe wamo ndani na wanaendelea kula. Usilipeleke nyumbani kwenye vitanda na makabati yako.

Hatua ya nne: mbao

Tazama ukingo wa tundu. Mistari ya tumbo ikishuka moja kwa moja mpaka upande wa chini, hiyo ni mbao nzima. Ukiona matabaka yaliyopandana, hiyo ni plaiwudi. Vitabu vya ng'ambo vitakwambia plaiwudi ni takataka. Kwa mwambao siafiki. Plaiwudi haipasuki ovyo, na magitaa mengi yaliyosalia huku yamesalia kwa sababu hiyo. Gallotone Champion ya Afrika Kusini ilikuwa na kibandiko kinachoahidi kwamba halitapasuka. John Lennon wa Beatles alianzia gitaa la aina hiyo mwaka 1957, kwa hiyo usione haya kulitaka. Lipa bei ya plaiwudi tu, basi.

Mgongo na mbavu zikiwa za mbao nyeusi au ya kahawia yenye mistari, muuzaji atasema ni mpingo. Mpingo wa kweli ni jamii moja na rozwudi, na mwenye kuujua hapa ni mchongaji. Wako wengi Changamwe kwenye ushirika wa wachongaji wa Akamba, na wengine huujua kwa kuupima uzito mkononi na kutazama rangi ya ndani pale palipokwaruzika. Mara nyingi weusi huo ni rangi tu: chungulia ndani ya tundu, ambako kiwanda hakikupaka, uone mbao ilivyo.

Hatua ya tano: umri, kisha jina

Sasa umeridhika na mwili, unaruhusiwa kuwa na shauku.

Anza na jina la nchi, kwa sababu nchi hubadilika na vibandiko havibadiliki. "Western Germany" au "West Germany" ni baina ya 1949 na 1990. "Occupied Japan" haipiti 1952. "Czechoslovakia" haipiti 1992. Kibandiko cha duka lililouza gitaa ni hazina kuliko watu wanavyodhani: kikiandikwa "Kenya Colony", gitaa liliuzwa kabla ya Desemba 1963. Nina moja lenye kibandiko cha duka la Mombasa, sanduku la posta la tarakimu tatu, na kile kibandiko nakithamini kuliko gitaa lenyewe.

Skrubu nazo husema. Zenye mfereji mmoja ni za kila zama, lakini zenye nyota zilianza kuenea katikati ya miaka ya 1930. Ukizikuta kwenye gitaa linalodaiwa kuwa la 1910, ama gitaa si la mwaka huo au skrubu si zake. Sugua kwa kidole utepe wa ukingoni au vifungo vya masikio ya kukazia nyuzi mpaka vipate joto, kisha unuse. Vikinukia kafuri, hiyo ni selluloidi, plastiki ya kale. Vifungo vyake huvunjika kama biskuti, kwa hiyo usivikaze kwa nguvu. Na usivisogeze karibu na moto, huwaka kama petroli.

Kisha namba. Framus mara nyingi ina namba mbili zilizoachana, na katika ile ya pili tarakimu mbili ni mwaka na herufi ni mwezi: 64L ni Desemba 1964. Shingo yake pia hujitambulisha, imegandishwa kwa vipande vingi vyembamba kama keki. Harmony ya Chicago, iliyofunga kiwanda 1975, hupigwa muhuri ndani, herufi F au S ikifuatwa na tarakimu mbili za mwaka. Tafuta kwa kioo, huwa umefifia. Yamaha za zamani zina kibandiko cha Nippon Gakki, jina la kampuni hiyo mpaka 1987, na FG-180 iliyotoka 1966 ndiyo wapenzi huifukuzia. Martin, tangu 1898, hugonga namba ndani, kwenye gogo ambapo shingo inaingia. Ukiambiwa ni Martin ya baada ya hapo na gogo halina namba, mshukuru mwenyewe uende zako.

Yapo na yale ambayo kila mtu hudhani ni toi. Gitaa la plastiki tupu, zito kiasi, lenye tundu na kichwa cha maana, linaweza kuwa la Mario Maccaferri, yule aliyesanifu magitaa ya Selmer ya Paris, ambaye mwaka 1953 alitoa magitaa ya plastiki huko Marekani. Gitaa lenye sufuria ya aluminiamu tumboni ni la jamii ya National na Dobro, zilizoanza mwishoni mwa miaka ya 1920 ili gitaa lisikike katikati ya tarumbeta. Kwa haya ya sufuria, fungua kifuniko utazame kama koni ya ndani haijabonyea. Bila koni nzima umenunua chombo cha kupikia.

Tahadhari moja juu ya jina: karatasi hubandikwa, herufi za kichwani hubandikwa. Mwili ukisema neno moja na jina likasema jingine, usikilize mwili. Gitaa zuri lisilo na jina ni gitaa zuri.

Hatua ya sita: mambo ya sheria

Vijifupa vya magitaa ya kale sana wakati mwingine ni pembe ya ndovu. Mfupa wa kawaida una vidoa na mifereji midogo myeusi ukiutazama kwa karibu. Pembe ni laini, na kwenye mkato wake kuna mistari inayopishana kama wavu. Ukishuku ni pembe, achana nalo. Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya 2013 ni kali, na "sikujua" haitakusaidia mbele ya hakimu. Bamba la kinga, lile linalozuia tumbo lisikwaruzwe, lenye madoa ya manjano na kahawia kwa kawaida ni plastiki, lakini kwenye vifaa vya kale sana linaweza kuwa gamba la ng'amba. Hukumu ni ile ile. Rozwudi ya Brazil nayo iko kwenye orodha kali ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu 1992: kulivusha gitaa la namna hiyo mpakani kunahitaji kibali, na hapa wanaohusika ni KWS, Shirika la Wanyamapori la Kenya.

Juu ya mali ya wizi, andikishana. Karatasi yenye jina la muuzaji, namba ya kitambulisho, maelezo ya gitaa na tarehe, kisha lipa kwa M-Pesa ili ujumbe uwe shahidi wa pili. Muuzaji wa halali hatakasirika.

Hatua ya saba: bei

Usiseme "zuri". Usilipige nyimbo mbili tatu watu wakakusanyika, umejipandishia bei mwenyewe.

Fanya hesabu kichwani hivi. Tuseme gitaa kama hilo likiwa zima ungekuwa radhi kulilipia shilingi 20,000. Shingo inataka fundi, 6,000. Masikio mapya, 2,500. Nyuzi, 1,000. Imebaki 10,500. Toa robo kwa ajili ya usichokiona, maana kuna kitu hukukiona, na unakaribia 8,000. Hizo ni tarakimu za mfano, weka zako, ila mpangilio usiuvunje. Kisha mwonyeshe muuzaji kasoro moja baada ya nyingine kwa upole, kwa rula na kadi, bila kulitukana gitaa lake. Mtu akiona karatasi inazama chini ya daraja, hubishani naye tena, anabishana na karatasi.

"Ami, nikupe saba, na kubandika daraja ni juu yangu."

"Saba haliendi. Hili la marehemu."

"Mungu amrehemu. Saba na nusu, nalichukua sasa hivi."

Akikataa, mwachie namba yako ya simu. Magitaa yasiyojulikana hayauziki haraka. Langu moja lilinisubiri miezi mitatu, na aliyepiga simu ni yeye.

Baada ya kufika nyumbani

Usilikaze siku hiyo. Lipanguse kwa kitambaa kikavu, ling'oe nyuzi za kutu, uliache siku mbili tatu kwenye chumba chenye hewa, mbali na ukuta unaopigwa na mvua na mbali na upepo wa AC. Chumba cha AC mchana na joto usiku huifanya mbao inywe na kutema maji kila siku, na hapo ndipo nyufa huzaliwa. Vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, vitie viwili ndani ya kesi.

Kumpata fundi ni mtihani. Fundi samani wengi watashika drili. Mimi huwaendea wanaotengeneza udi na taishokoto za taarabu, maana wamezoea mbao nyembamba na wanajua kusubiri. Muulize swali moja tu: "Gundi ya zamani utaitoaje kabla ya kutia mpya?" Akisema ataipasha moto na kuikwangua mpaka mbao ionekane, mwachie gitaa. Akisema atamimina gundi ya chupa juu yake na kubana, mwombe maji ya kunywa, mshukuru, na uondoke na gitaa lako.

Likirudi, weka nyuzi nyepesi zilizo za mataruma yake, za nailoni kama ni upepeo. Likaze hatua mbili chini ya sauti ya kawaida, uliache hivyo wiki nzima. Kila jioni pitisha karatasi nyuma ya daraja na kadi kwenye freti ya 12, uandike. Kadi zisipoongezeka, pandisha hatua moja, wiki nyingine tena. Langu la kiuno chembamba, lile la Mama Ngina, lilibandikwa daraja upya na halijawahi kupita hatua moja chini ya kawaida, na ndivyo ninavyolipiga mpaka leo.